Umepoteza Ng'ombe au Katekista?

Mke wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Bahi tu wazima, ila bibi yako bado ananinyima sukari.

Umeuliza kwa nini watu wakitafuta mlenda mtandaoni hawauoni ukurasa wa duka lako. Mjomba wako kanisomea ukurasa huo: "Mboga asilia yenye hadhi." Neno mlenda halimo! Nimecheka, maana hata mimi nilikuwa hivyohivyo.

Ujanani, dume la ng'ombe la mahari ya bibi yako lilipotea siku chache kabla ya kulipeleka ukweni. Nikabandika tangazo mnadani: "Amepotea mnyama wa thamani, mwenye tabia njema." Siku mbili kimya. Mama muuza chai akanivuta shati: "We kijana, umepoteza ng'ombe au katekista?"

Nikaandika upya: dume jeusi, pembe ya kushoto imevunjika. Chai haijapoa, mzee mmoja akasema, "Hilo lipo zizini kwangu tangu juzi!" Nikaiacha chai, nikamfuata mbio.

Basi andika mlenda, mama, mlenda mkavu wa Dodoma, na unavyopikwa. Sifa zije baadaye. Ningeng'ang'ania tabia njema, bibi yako angeolewa na yule fundi baiskeli aliyekuwa akimposa pia, nawe ungezaliwa na masikio yake.

Mumeo kibogoyo,
Babu