Ekzosi Pana na Bakuli la Anaeli

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na nane, naishi Akheri, nina pikapu ndogo niliyoinunua mwaka juzi magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika, nabeba ndizi na maziwa hadi mjini, na mke wangu Ndeshi alikuwa akiisikia inavuka daraja la chini anainjika chai, nikiingia ipo mezani, lakini Ndeshi alifariki mwaka jana baada ya Pasaka, watoto hatukujaliwa, na sasa nikifika nazima injini nabaki nimekaa humo humo kwa sababu ndani hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Majuzi ekzosi ilitoboka, fundi Melkizedeki wa Engutoto akaniambia, "Mzee, nikuwekee ya inchi mbili na nusu, itanguruma mpaka huko juu wajue umefika," nikakubali upesi, maana nilitaka mtu atoke tu aseme Elinami amerudi. Kunguruma inanguruma, ila mlima wa kwetu naupanda kwa gia ya kwanza, na majirani wakinisikia wanafunga madirisha, hata Anaeli, yule mjane aliyekuwa akiniletea loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando, baada ya mazishi, bakuli lake bado liko kabatini kwangu. Fundi anasema nikiweka ya inchi tatu gari litavuta. Niweke, au nirudishe ya kipimo cha zamani?

Elinami, Akheri

Elinami, pole sana kwa msiba. Sikucheki. Ninayemcheka ni fundi wako.

Mume wangu ameendesha lori miaka ishirini, ekzosi nazijua kuliko hereni. Injini ndogo haitaki bomba pana. Moshi unapoteza kasi humo ndani na nguvu ya kupandia mlima inapotea. Weka inchi tatu uone, utavutwa na ng'ombe. Jumatatu rudisha ya kipimo cha kiwandani, inchi moja na nusu, na sailensa yake ya kupunguza kelele, na usikubali kubembelezwa.

Sasa tuseme lililokufanya uandike. Pikapu yako ilikuwa kimya na Ndeshi aliisikia tangu darajani, kwa sababu alikuwa akikungoja. Hilo hakuna fundi wa kulichomelea, baba. Lia ukitaka kulia.

Lakini bakuli! Mwaka mzima! Mtu mzima wa Akheri, hujui kwamba bakuli la mwenzio halilali kwako, wala halirudi tupu? Kila jioni Anaeli anakusikia ukipita unanguruma, anajua bakuli lake unalo, na asante hajaipata. Hata mimi ningefunga dirisha.

Lioshe leo. Tia sukari, au ndizi zako zilizoiva vizuri. Pikapu iache nyumbani, nenda kwa miguu. Ukifika getini piga hodi kwa mdomo wako, na ukikaribishwa chai usiseme una haraka. Huna haraka yoyote, Elinami.