Kifo cha Mzee Helmut kwenye Kizuizi cha Katindo

Goma

Dada Furaha,

Mumeo Deo ni mzima, na jana alikula fufu na dagaa wa sambaza mpaka akalegeza mkanda. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa watu.

Deo alikuwa akituendesha mimi na Mzee Helmut, mwigizaji wa Kijerumani ninayemtafsiria, kwenda kwa binti yake anayewatibu watu walioungua na lava. Kwenye kizuizi cha Katindo waasi walimshusha Deo wakidai ni mpelelezi wa serikali. Walikuwa wameshamvua viatu ili wampige risasi, kamanda wao alipochungulia ndani ya gari.

"Huyu muzee namujua! Ni ule koloneli, nilimuona ku video kule Birere. Papa, si ulishakufa?"

Nikamtafsiria. Mzee akajibu kwamba ni kweli. Maisha yake yote ameigiza padri, polisi, mhudumu wa hoteli, koloneli wa jeshi. Hajawahi kuwa nyota, na karibu kila filamu humuua mapema.

"Basi kufa tena, tuone!"

Alishuka, akashika kifua, akayumba, akaanguka kifudifudi juu ya mawe ya lava. Viwiko vikachanika. Hakutikisika hata nzi alipotua shavuni mwake. Waasi walicheka mpaka wakaketi chini.

"Shofere, beba maiti yako, muende," kamanda akasema.

Deo alimbeba kweli, peku, mpaka garini, huku analia.

Sote tunakusalimu na kukukumbuka. Ukisali leo, mwombee Mzee Helmut maisha marefu.

Mdogo wako,
Bahati