Sikukuu Zote Zilimwangukia Okoth

Homa Bay, Jumatano, 27 Desemba 1995. Mawingu mazito, joto la kuudhi, mvua inatuchungulia tu.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo kwa huu mwandiko wa kuku msiilaumu pombe ya Krismasi. Wa kulia umefungwa bendeji.

Ghalani kwetu kazi ya kupasua samaki aina ya mbuta ina watu wawili wa nusu wiki. Okoth ni Jumatatu hadi Jumatano, Ouma ni Alhamisi hadi Jumamosi. Mimi, msimamizi mwenye kitambi na akili nyingi, nilitunga sheria: sikukuu ikiangukia siku yako, unapumzika na mshahara unaingia. Isipoangukia, pole.

Sasa tazama. Jamhuri ilikuwa Jumanne. Krismasi Jumatatu, Boksing Dei Jumanne. Mwaka Mpya nao Jumatatu.

Ouma hakupata hata moja.

Leo alikuja ingawa si zamu yake. Jumamosi wanamzika mamake kule Ndhiwa, na tajiri mwenye ghala humfuta kazi yeyote anayekosa siku yake, hata kwa matanga. Akaniomba ruhusa. Nikamjibu kwa madaha, "Ouma, huna siku unayodai hapa."

Akamgeukia Okoth, "Basi nishikie Jumamosi, ndugu yangu. Wewe umepumzika ya kutosha."

Okoth akanoa kisu chake. "Omera, ndugu yangu, hata Yesu alikataa kuzaliwa zamu yako!"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

Ouma alikamata mbuta kwa mkia, akamtandika Okoth usoni hadi akaanguka juu ya barafu. Okoth akainuka na kisu. Nikajitupa katikati na kitambi changu, kisu kikanipasua kiganja, kikadondoka. Ouma akakiwahi. Akamchoma Okoth begani, akakichomoa, akamchoma tena. Okoth alilia kama mtoto. Barafu yote ikawa nyekundu.

Hospitalini wanasema Okoth atapona. Ouma yuko seli.

Jioni hii nimekaa nikafikiri, kwa mara ya kwanza. Kumbe dawa ni kuzikusanya sikukuu zote za mwaka na kumpa kila mmoja nusu, kwa kuwa kila mmoja anafanya nusu ya wiki, ziangukie siku yoyote zinayotaka. Ouma angekuwa na siku kadhaa za kudai. Nilipomaliza kufikiri, chai yangu haikuwa hata imepoa.

Asubuhi naenda stesheni ya polisi kusema kwamba aliyeanza ni mimi na sheria yangu, na aliyeinua kisu kwanza ni Okoth. Wakinisikiliza, Jumamosi Ouma atamzika mamake.

Na wasiponisikiliza, nani atawaambia watu wa Ndhiwa, wakiuliza Ouma yuko wapi, kwamba nilicheka?