Kisima cha Susu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Gemu yetu imekubaliwa! Ijumaa tunaipeleka mashindano ya kaunti. Mimi na Makau tumeitengeneza kwenye kompyuta ya shule. Ndani ya gemu mto umekauka, majirani wamechimba visima vidogo mchangani, na Kasyoka, ambaye mchezaji anamwendesha, anatafuta maji kabla jua halijazama. Mwanzoni anasema, "Nawapenda majirani zangu." Maneno hayo ni yangu. Mwalimu wetu, Madam Kavutha, aliyapenda sana.

Jumanne, 10 Juni
Leo mdogo wangu Ndila amecheza. Kuchimba kisima chako kunachelewesha, kuchota cha mwingine ni haraka — Makau alisema bila hivyo gemu itaboo. Ndila akaenda moja kwa moja kwa susu, yule bibi mzee mwenye leso ya buluu. Kwa nini yeye? Eti hawezi kukimbia, ukimwibia hakushiki. Ndila akashinda. Majirani wakampigia Kasyoka makofi.

Leso hiyo ni ya susu wangu wa Katelembo. Kisima chake hukizungushia miiba, mbuzi wasiingie. Yeye hamzuii mtu kuchota. Lakini unaita kwanza, hata kama yeye yuko mbali shambani. Kila mtu huita.

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia Makau. Akacheka. "Wewe, hii ni gemu, si Sunday school. Huyo susu ni rangi tu." Nikasema basi tufute maneno ya Kasyoka, maana anadanganya. Akanuna. Tukiigusa sasa iharibike, akasema, Madam tutamwambia nini? Hajanisemesha tena.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeongeza kitufe cha kuomba. Ukichota kwa susu bila kuomba, gemu inaisha. Nimeijaribu, inafanya kazi.
Makau alikuwa uwanjani, nikimwona kupitia dirisha. Sikumwita.

Ijumaa, 13 Juni
Ukumbini. Shule iliyotutangulia inamalizia. Makau ndiye atacheza mbele ya majaji, vidole vyake ni vyepesi. Amenipa nusu ya mandazi yake. Ugomvi umeisha, anasema, tusikasirikiane. Nisiwe na wasiwasi — ataanza na susu, apate pointi mapema.

Mandazi nimeyaweka mfukoni.

Nikimwambia, ataurudisha ule wizi, ni kazi ya dakika. Nisipomwambia, ataaibika mbele ya watu wote, na gemu ni yake pia. Niliichukua bila kuomba.

Makofi. Tumeitwa. Makau amesimama, anachomekea shati. Nimemshika sweta kwa mkono wa kushoto. Ananiuliza, "Ni nini?"