Gari Linapiga Teke, Lawama Anabeba Mkamwana

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaondoka duniani, maana kuna jambo nimelificha tangu masika yaishe: ubovu wa gari la nyumbani kwetu niliusababisha mimi, na lawama anabeba mkamwana wangu, Devota.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, naishi Muheza, moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunificha, na gari lenyewe ni Toyota ya otomatiki aliyoninunulia mwanangu Anold anayefanya kazi Mwanza, nami macho yaliponikataa nikamwachia Devota, mkewe, akawa analiendesha kila asubuhi kwenda kazini kwake Usagara, kwenye duka la dawa, na kurudi jioni, wala halikuwa na tatizo lolote mpaka siku niliyofungua boneti nikaongeza oili ya gia kwa mkono wangu, oili ile nzito ya gia za trekta, kwa sababu nilizaliwa kambi ya mkonge, baba yangu alikuwa dereva wa trekta, na kwetu sisi oili ya gia ilikuwa hiyo, basi. Tangu hapo gari likibadilisha gia linashtuka kama limegongwa kwa nyuma, asubuhi likiwa baridi ndiyo zaidi, na ukitoa P kuweka D linatulia kidogo, kisha linaruka.

Majirani wakimwona anaingia uani husema, "Shikeni vikombe, Devota huyo!" Anold akampigia simu: "Hilo ni gari, mama, si jembe! Unatoa R unaweka D gari halijasimama." Devota akajibu, "Baba Jenifa, nasimama kabisa. Muulize baba, huwa yupo barazani." Nikaulizwa. Nikasema macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Sasa Anold anakuja Jumamosi kuliuza gari, na ameamuru Devota aache kazi akae nyumbani kuniuguza, na jana jioni Devota alipokuwa ananikanda miguu akaniambia, "Nisamehe baba, nimekuulia gari." Nifanye nini, nami sitaki kufa nikionekana mpumbavu mbele ya watoto niliowasomesha?

Mzee Yona, Muheza

Shangazi Tausi anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Naanza na heshima kwa kuwa huko mbele itapungua.

Pole kwa maradhi. Tuanze na gari, ndilo lenye nafuu. Lisiwashwe tena, livutwe mpaka kwa fundi wa gia za otomatiki, si fundi wa kila kitu. Gia hizi hutumia oili nyepesi, mara nyingi nyekundu, na oili hiyo ndiyo inayosukuma gia zenyewe. Ukiichanganya na nzito, inachelewa kufika, kisha inafika kwa kishindo. Fundi achomoe kijiti cha kupimia, aitazame na kuinusa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kuna kilichoanza kulika ndani. Oili imwagwe, chujio libadilishwe, itiwe ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, aliendeshe kidogo, kisha aimwage na kutia tena, maana nyingine hubaki ndani. Likishtuka bado, akague raba zinazoshikilia injini, halafu alipime kwa kompyuta. Mtu asiipasue gia kabla ya hapo. Na usidhani ni kishindo tu. Gari hilo lingeweza kukosa gia mbele ya lori, barabara ya Tanga, na mama wa mjukuu wako yumo ndani.

Sasa wewe. Unaogopa kuonekana mpumbavu. Mwenzako ameshaonekana mharibifu mtaa mzima, na anakuomba msamaha akiwa ameshika miguu yako. Huoni haya, mzee? Leo, si Jumamosi, mwite Devota aketi, mpigie Anold, weka spika, waambie wote wawili kwa sentensi moja. Usiingize mkonge. Usiingize moyo. Kisha sema, kama baba wa nyumba, kwamba Devota haachi kazi. Mtu wa kushinda nawe mchana atafutwa, Muheza haikosi watu.

Na kuna kitu kinanikera. Oili ya gia hizi hutiwa kupitia bomba jembamba la kile kijiti. Oili nzito hushuka humo kwa kujivuta, unashika faneli mpaka mkono unakufa ganzi. Mwalimu wa sayansi alisimama hapo muda wote huo bila kujiuliza?

Nilimsomea mzee majibu haya kwa simu kabla ya kuyapeleka gazetini. Akakohoa, kisha akaniomba niongeze maneno yake kama alivyoyasema:

"Nilijiuliza, mwanangu. Nilijua litaharibika. Nyumba hii mchana haina mtu, nami naogopa kufa peke yangu. Nilitaka Devota asiende kazini."