Jiko la Majaribio, Kishushe

Dada Wakio,

Natumaini ukungu wa Werugha unawaachia jua kidogo la kuanika nguo. Huku Kishushe mvua imekosekana tena, na watu wanakula chakula cha msaada. Mimi nazungusha nyumba kwa nyumba majiko ya udongo yanayotumia kuni chache. Wafadhili wametoa pesa yajaribiwe. Wakisikia hayafai, watasitisha.

Jana Mama Mghoi, mmoja wa wanaoyajaribu, alipika kimanga cha muhogo na maharagwe. Alipoanza kukiponda, jiko likapinduka, na chakula cha watoto wake kikamwagika chote. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwani huko ofisini mlijaribu kwa kupika nini?" akaniuliza.

"Tulichemsha maji, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Maji! Mwanangu, maji yanapondwa?"

Jiko lilipopoa alichukua jembe, akachimba sakafu, akalifukia mpaka shingoni na kushindilia udongo. Akapika upya, akaponda kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

Leo mkubwa wangu ameniambia niandike tu kwenye ripoti ya wafadhili kwamba limefaulu, tusije tukanyimwa pesa. Sikuweza. Nimeandika kwamba lilianguka, na nimeeleza lilivyosimamishwa. Palipoulizwa jina la mbunifu, nimeandika la Mama Mghoi. Bahasha imeshaondoka na gari la Voi.

Wakumbatie watoto wote kwa ajili yangu. Na uniombee, dada, ripoti hiyo isomwe na mtu anayepika.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho