Tarehe Kwenye Picha ya Zuhura

Guangzhou, Jumapili, Novemba 1998. Mawingu tangu alfajiri, baridi ya sweta moja. Niliamka na moyo mwepesi. Sasa ni mzito.

Asubuhi mwanafunzi mmoja wa Dar aliyetoka Uingereza aliniletea hapa hotelini, mtaa wa Xiaobei, bahasha ya mdogo wangu Zuhura. Zuhura anasomea uuguzi huko, mwaka wa pili. Ndani mlikuwa na barua fupi na picha moja.

Zuhura ameketi kwenye baa ya kizamani yenye dari ya mbao, kati ya wasichana watatu wa Kizungu. Mbele yake sahani ya kuku wa kuoka na viazi, na glasi ya juisi. Anacheka mpaka amefumba macho. Barua inasema wikiendi moja walikodi basi dogo, wakazunguka miji midogo yenye magulio, wakanunua jibini na vikombe vya mitumba, kisha wakala mchana hapo.

Nilifurahi. Nikatafuta gundi niibandike ukutani.

Ndipo nikaona tarehe kwenye pembe ya chini, zile namba za rangi ya chungwa ambazo kamera huziandika yenyewe.

Ni siku tuliyomzika Mama.

Nasema "tuliyomzika", lakini kati yetu wawili hakuna aliyekuwapo. Alifariki usiku, akazikwa Tanga kesho yake mchana. Ndege gani ingetufikisha? Ila Zuhura aliniambia kwenye simu kwamba siku ile nzima alijifungia chumbani, amefunga saumu, anamsomea Mama Yasini. Nikampigia shangazi, nikamwambia mtoto yule ataugua kwa kilio. Shangazi akawaeleza wote msibani.

Saa kumi na moja jioni nikashuka duka la simu. Kwake ilikuwa asubuhi.

"Zuhura, picha yako ina tarehe."

Akaanza kulia. 

"Walinigongea mlango, dada. Nafasi yangu kwenye basi ilikuwa imeshalipiwa. Nilishindwa kuwaambia mama yangu amekufa, niliogopa nikilitamka litakuwa kweli. Tulipofika pale mtu akasema kitu, nikacheka. Ningekwambiaje kwamba nilicheka?"

"Ungesema kweli."

"Na wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambia? Kwenye hitima, na Watanzania wenzangu."

"Afadhali," akasema. "Afadhali mmoja wetu alimtendea Mama haki. Nisamehe, dada."

Nikamsamehe. Kwa sauti nzito ya mtu mkubwa, nikamsamehe.

Hapakuwa na hitima.

Siku ile nilikuwa Zhanqian Road, kwenye maduka ya nguo za jumla, nachagua majaketi ya watoto ya kwenda kuuza mpaka maduka yakafungwa. Laoban, mwenye duka, alinitania kuhusu Kichina changu kibovu, nami nikamtania. Tulicheka sana. Sikumwambia yeyote kwamba nimefiwa. Wala hakuna aliyenigongea mlango kunitoa. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Tofauti yangu na Zuhura ni kwamba mimi sikupigwa picha.

Anatumia kompyuta za chuo chao, na anuani ya ukurasa wangu huu wa mtandao anayo. Nimeyaandika haya hapa kwa sababu kwenye simu sikuyasema, na sitayafuta. Ila sijui kama huu ni ujasiri, au naogopa tu kuwapo upande wa pili wa waya atakapojua.